Mlalaji wa Tuta la Mgagani

Jina la nchi yetu sitalitaja, si kwa hofu bali kwa adabu: lipo mbele ya kamati kwa mwaka wa tisa sasa likiboreshwa, na si uungwana kulitumia kabla halijakamilika. Itoshe kusema kwamba ni nchi ya amani, kwamba watu wake hulala vizuri, na kwamba hulala hivyo kwa mujibu wa sheria.

Wizara iliyo kubwa kuliko zote kwetu ni Wizara ya Usingizi Salama. Iliundwa wakati homa ya mbu ilipokuwa ikichukua watoto kila masika. Wataalamu waliitwa, wakashauri mambo mawili: dawa ya homa iwepo katika kila zahanati, na kila mtoto apewe chandarua. Baraza likatafakari kwa utulivu. Likaona kwamba dawa humezwa ikatoweka, isibakize chochote cha kuwaonyesha wageni, ilhali chandarua hutundikwa, hupepea, na hupigwa picha. Likachagua chandarua, likaazimia kwamba dawa itafuata.

Kila chandarua kilishonewa utepe wenye nambari na jina la mtoto, ambaye katika lugha ya Wizara huitwa mlalaji. Sheria yenyewe ilikuwa na vifungu viwili tu, vifupi, ili vikaririwe shuleni. Cha kwanza: penye chandarua pana mlalaji. Cha pili: mlalaji mwenye chandarua hafi. Ni kifungu hiki cha pili kilichotuletea heshima miongoni mwa majirani. Tangu kipitishwe, hakuna hata mtoto mmoja mwenye chandarua aliyekufa. Wachache waliojaribu walikataliwa na takwimu.

*

Katika Kata ya Mabondeni aliishi mshonaji wa sare za shule aliyeitwa Veneranda. Nasema aliitwa, ingawa ni makarani tu waliomwita hivyo. Kwetu mwanamke akishazaa, jina lake hupumzishwa, akaitwa kwa mwanawe. Naye alikuwa Mama Nyamizi. Mumewe alikwenda machimboni. Mwanzoni alituma salamu, kisha salamu nazo zikaona njia ni ndefu.

Nyamizi alikuwa na miaka sita, na alipenda mgagani. Watoto wengi huikimbia mboga ile kwa uchungu wake. Yeye aliila ikiwa imeungwa kwa karanga, kisha akaufuta mchuzi kwenye sahani kwa kidole. Mbegu zilikuwa za bibi yake, marehemu, aliyeziacha katika mkebe wa majani ya chai uliotundikwa juu ya meko. Kila msimu zilipandwa kijiko kimoja tu, nyingine zikarudishwa mkebeni. Asubuhi moja, mama yake akiwa ameinamia cherehani, Nyamizi alipanda juu ya kiti, akaushusha mkebe, akaenda nyuma ya nyumba na kuumimina wote juu ya tuta moja, kama mtu anayelisha kuku. Akiba ya mbegu ya ukoo mzima ikaisha mara moja. Baada ya wiki moja miche ikachipua, imesongamana kama nywele.

Miche ilipofikia majani manne, Nyamizi akashikwa na homa. Ilikuwa Jumatatu. Zahanati ilikuwa na muuguzi, benchi, na picha kubwa ya Waziri akitabasamu ndani ya chandarua. “Dawa iko njiani,” alisema muuguzi, wala hakusema uongo. Kwetu karibu kila kitu kiko njiani. Alhamisi Nyamizi akafa.

Baada ya mazishi, Mama Nyamizi hakutaka kitu kingine duniani ila kimoja: tuta lile likomae, maganda yakauke, apate mbegu, mkebe ujae tena. Aliyemwuliza kwa nini, alijibiwa, “Ni mbegu za mama.” Akaishia hapo.

*

Siku ya tatu baada ya kuanua matanga, lori la Wizara likaleta vyandarua. Balozi wa nyumba kumi, Sebastiani, alisimama uwanjani na orodha iliyoandikwa kabla ya mvua, akawa anaita majina kwa sauti aliyoazima redioni.

“Nyamizi binti Veneranda! Miaka sita!”

Watu wakatazama chini. Jirani wa Mama Nyamizi, Mama Sikitu, mwanamke ambaye mdomo wake haukuwahi kuomba ruhusa, akasema, “We Balozi, una akili? Nyamizi si tulimzika wote? Si wewe ulishika sepetu?”

“Mimi kama Sebastiani nilizika,” alisema Balozi. “Mimi kama Balozi sina taarifa.”

“Taarifa si ndiyo hii nakupa?”

“Wewe unanipa maneno, Mama Sikitu. Taarifa hutoka juu.” Kisha akashusha sauti, akamsogelea mwenye msiba. “Mama Nyamizi, dada yangu, nisikilize. Nikikirudisha, itaandikwa kwamba nimeshindwa kumlaza mtoto mmoja. Nina watoto watano mimi. Kichukue tu. Nakuomba.”

Akakichukua. Kilikuwa cheupe, kimekunjwa vizuri, kina harufu ya kiwandani, na utepe wake ulikuwa umeandikwa jina la mwanawe bila kosa hata la herufi moja. Ilikuwa mara ya kwanza Serikali kuliandika.

*

Wiki hiyo hiyo wadudu wakalivamia tuta. Vipepeo weupe walitaga chini ya majani, na viwavi walipoanguliwa wakayatoboa kama ungo. Panzi wakaja kutoka majanini. Kuzumburu, wale ndege wenye mikia mirefu wasio na haya, waliteremka kwa makundi wakakata vikonyo. Mama Nyamizi alikuwa amekwisha kuipunguza miche, akabakiza arobaini na miwili, kwa nafasi; asubuhi moja akahesabu thelathini na saba.

Hapo ndipo alipokikumbuka chandarua. Alikata fito, akazikunja kuwa matao juu ya tuta, akakitandaza juu yake. Na kwa kuwa alikuwa fundi, hakuridhika kukizungushia mawe kama wafanyavyo wengine. Alikishonea pindo la kitambaa cha kaki kuzunguka pande zote nne, akalijaza mchanga, likalala juu ya udongo bila kuacha hata upenyo wa mchwa. Kila alfajiri alilifunua upande mmoja ili nyuki waingie kwenye maua, akaketi hapo akiwafukuza vipepeo kwa khanga. Jua likipanda, akalifunika tena na kwenda kushona.

“Ama kweli dunia imegeuka,” Mama Sikitu alitania kutoka upande wa pili wa ua. “Mboga zinalala kwenye neti, mimi na mume wangu tunaliwa na mbu!”

“Neti yako iko wapi?”

“Imefuga vifaranga.”

Na kweli, mtaani kwetu vyandarua vilikuwa na kazi nyingi: vilifuga vifaranga, vilianikia dagaa, vilizuia mbuzi. Wizara ilijua, na wananchi walijua kwamba Wizara inajua. Ndiyo maana siku ya ukaguzi mtoto wa kwanza kuliona gari alipiga mluzi, na kabla gari halijavuka daraja kila chandarua kilikuwa kimerudi kitandani, vingine vikiwa na manyoya. Mkaguzi aliandika “safi”, akanywa chai, akaondoka. Ulikuwa utaratibu mzuri, usiomuumiza mtu.

Lakini chandarua cha Mama Nyamizi kilikuwa kimeshonewa pindo zito la mchanga. Kukiondoa kwa haraka kungevunja mimea. Mluzi ulipolia, yeye alibaki ameketi kando ya tuta, mikono mapajani.

*

Afisa Vyandarua wa Kata, Bwana Kilindo, alikuwa mtu mpole mwenye kikohozi. Alizunguka nyuma ya nyumba, akalitazama tuta kwa muda mrefu, akafungua daftari.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba.”

“Chandarua nambari mia nne kumi na saba. Mlalaji ni Nyamizi. Yuko wapi?”

“Amekufa, baba. Kabla hamjakileta.”

Bwana Kilindo akakohoa, akatafuta katika mkoba wake. “Nina fomu mbili, mama. Fomu ya kwanza: mlalaji yupo na analala. Fomu ya pili: mlalaji hayupo, chandarua kirudishwe siku hiyo hiyo.”

“Na fomu ya aliyekufa?”

“Hiyo haikuchapishwa. Walisema ingechapishwa ingeonekana kama tunatarajia.”

Mama Nyamizi akautazama mgagani kupitia kwenye matundu. Ulikuwa umeanza maua. “Baba, mimi sikitaki chandarua chenu. Naomba siku arobaini tu. Maganda yakauke, nichume mbegu, nitakifua nikuletee mwenyewe mpaka ofisini.”

“Ningekuwa na siku arobaini zangu ningekupa, mama. Hizi nilizo nazo ni za Serikali.” Akakohoa tena. “Lakini ile fomu ya kwanza haiulizi mlalaji analalaje.”

Kipepeo mmoja mweupe alitua juu ya chandarua, akatembea huku na huku akitafuta mlango.

“Nikiweka sahihi hapo,” alisema Mama Nyamizi, “nitakuwa nimesema mwanangu yu hai.”

“Utakuwa umesema kwenye fomu.”

Akaweka sahihi. Penye mahali pa kulala, Bwana Kilindo aliandika kwa mwandiko wake mzuri: *Nje, nyuma ya nyumba, kwa sababu ya joto.*

*

Tangu siku hiyo Serikali ikampenda Nyamizi kwa namna ambayo watoto wengi hawaijui.

Kwanza ilimjia kadi ya pongezi. Kisha barua ya Idara ya Makuzi, ikimkumbusha mzazi kumpima uzito mlalaji kila mwezi. Kisha barua ya shule: kwa kuwa Nyamizi anatimiza umri, ametengewa dawati la pili kutoka mbele, karibu na dirisha. Mama Nyamizi aliisoma barua hiyo akiwa amesimama mlangoni. Siku ile alikuwa na agizo la sare za watoto wakubwa. Jioni aligundua kwamba kati ya vipande alivyokata kilikuwemo kimoja kidogo, kwa kipimo ambacho mikono yake ilikijua bila kupima. Akakikunja, akakiweka chini ya vingine.

Wiki iliyofuata muuguzi wa zahanati alifika kwa pikipiki ya Wizara, amebeba kifurushi kwa mikono miwili.

“Nimeagizwa nikabidhi,” alisema bila kuinua macho. “Ni dawa ya homa. Ya Nyamizi. Imefika.”

Ilikuwa dozi kamili, vidonge sita, na maelekezo kwa lugha tatu. Mama Nyamizi aliigeuza mkononi. “Ni hii tu?” aliuliza. “Hivi vidonge vidogo hivi?”

“Ni hiyo, mama.”

“Sita tu?”

Muuguzi aliwasha pikipiki. Alisahau hata kuchukua sahihi, na kwa kosa hilo baadaye alihamishiwa kituo cha mbali.

Lazima niseme jambo moja, maana uaminifu ni wajibu wa mwenye kusimulia. Mama Nyamizi alianza kuzingojea barua zile. Alijua ni za nani na zimeandikwa na nani. Lakini mtoto wake hakuitwa tena na mtu yeyote mtaani, watu waliona haya kulitaja jina lake peke yake, na ni Serikali pekee iliyoendelea kumwita. Tarishi akipita bila kusimama, cherehani ilikaa kimya kidogo.

Nyuma ya nyumba, maganda yalikuwa yakirefuka, membamba kama sindano za kushonea magunia.

*

Kisha ikaja habari kubwa. Wizara ilipofanya hesabu, iligundua kwamba mlalaji aliyeingia katika daftari kuu kuwa wa milioni moja kulala bila kufa alikuwa Nyamizi binti Veneranda wa Mabondeni. Waziri mwenyewe angekuja kumpa mkono.

Barabara ikamwagiwa kifusi. Miti ikapakwa chokaa mpaka kiunoni. Asubuhi ya siku yenyewe Bwana Kilindo alifika mapema, amemshika mkono mtoto wa kike mwenye gauni jipya lenye alama za kukunjwa.

“Mama Nyamizi, usikasirike. Huyu ni wa muda.”

“Wa muda gani?”

“Wa nusu saa. Utamshika mkono tu. Waziri akiuliza kama ni mwanao, utikise kichwa kukubali. Hakuna haja hata ya kusema.” Akalitazama tuta. “Bado siku ngapi?”

“Kumi.”

“Basi, mama. Nusu saa upate siku kumi.”

Mama Nyamizi akainama. “Hujambo, mwanangu.”

“Sijambo. Shikamoo.”

“Marahaba. Unaitwa nani?”

Mtoto akamtazama Bwana Kilindo kwanza. “Leo naitwa Nyamizi.”

“Na kesho?”

“Kesho Shija.”

“Mama yako yuko wapi?”

“Yuko nyumbani. Wamemwambia asije, atachanganya picha.”

Saa nne kamili Waziri alishuka garini. Alikuwa mnene kwa kiasi kinachotakiwa, na sauti yake ilizoea viwanja. Walimkalisha mbele ya tuta, ambalo lilikuwa limezungushiwa utepe wa rangi za taifa.

“Ndugu wananchi!” alianza. “Usingizi ni haki. Usingizi ni wajibu. Na usingizi, ndugu zangu, ni kipaumbele! Wapo wanaotuuliza: mbona mnasisitiza kulala? Nawajibu: taifa lililolala vizuri halina muda wa kulalamika! Nikikitazama kitanda hiki cha kijani, sijui Bwana Afisa ni ubunifu wa nani huu…”

“Ni wa mlalaji, Mheshimiwa,” alisema Bwana Kilindo.

“…ni wa mlalaji mwenyewe! Naona mustakabali. Naona kesho. Yuko wapi binti yetu? Nyamizi!”

“Abee!” aliitika mtoto, kwa sauti ya wazi, iliyofundishwa vizuri.

Tangu Alhamisi ile hakuna aliyekuwa ameitikia jina hilo. Mama Sikitu alifunika uso kwa upande wa khanga. Mama Nyamizi alisimama vilevile, kiganja cha mtoto kikiwa ndani ya chake, kina joto na jasho kidogo la woga.

“Mama,” alisema Waziri kwa upole wa kamera, “huyu ndiye mwanao?”

Kichwa kilipaswa kutikiswa. Aliyatazama maganda, yalikuwa bado mabichi, yanajisukuma kwenye matundu ya chandarua. Akamtazama mtoto.

“Mheshimiwa,” alisema, “mtoto huyu anaitwa Shija, na ana mama yake. Nikisema ni wangu, mama yake ataitwa nani? Wangu alikufa kwa homa, siku ya Alhamisi. Tulimzika pale juu. Balozi hapa ndiye aliyeshika sepetu.”

Balozi Sebastiani akavitazama viatu vyake kwa makini, kana kwamba vilikuwa vya mtu mwingine.

“Mama amezidiwa na furaha!” alipaza sauti mshereheshaji, na bendi ikapiga.

Waziri akamwinamia Afisa. “Ana chandarua?”

“Anacho, Mheshimiwa.”

“Basi hajafa.”

“Naam. Lakini mama anasema hayupo.”

“Kutokuwepo kunaruhusiwa,” alisema Waziri baada ya kufikiri. “Ila kama hayupo, chandarua cha Serikali kinafanya nini hapa?”

Kabla bendi haijamaliza wimbo, mlalaji wa milioni moja alikuwa amepatikana kata ya jirani, mvulana mnene wa kupendeza, na msafara ukaelekea huko. Shija alirudishwa kwao ndani ya gari la muziki, amepewa biskuti.

*

Chandarua kilipaswa kuondolewa siku hiyo hiyo. Askari wawili walikuja na visu kukata pindo, lakini Mama Nyamizi akasema, “Acheni. Mtaharibu.” Akaleta wembe wake wa kufumulia, akapiga magoti, akafumua mshono wake mwenyewe, uzi baada ya uzi, mpaka mchanga wote ukamwagika. Alikikung'uta, akakikunja kama alivyokipokea. Utepe wenye jina uliangalia juu.

Kwa siku saba alilinda tuta kwa mikono. Aliipeleka cherehani nyuma ya nyumba akawa anashona huko huko. Alikagua kila jani juu na chini, akatoa viwavi na kuwatia katika kopo la maji ya sabuni. Panzi aliwashika kwa vidole. Kuzumburu waliketi kwenye mti wakimtazama, nao hawakuwa na shughuli nyingine. Mama Sikitu alichukua zamu ya mchana ili mwenzake ale.

“Kula, mwaya. Ndege hawa nawajua. Wanaogopa matusi, na mimi ninayo.”

Maganda yalianza kuwa ya njano kwenye ncha. Zilikuwa zimebaki siku tatu.

Ndipo zikaja karatasi mbili kwa asubuhi moja. Ya kwanza ilimtaka Veneranda, mzazi wa asiyekuwepo, afike mwenyewe ofisi ya kata siku inayofuata kutia sahihi hati ya makabidhiano. Asipofika, ingeandikwa kwamba chandarua kilitoroshwa naye angeshtakiwa. Ya pili ilibandikwa kwenye kila mlango. Kwa kuwa tukio la Mabondeni limetia doa, ilisema, kesho itakuwa Siku ya Usingizi wa Mchana: kila mkazi awe ndani, kitandani, chini ya chandarua, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, na askari watapita kuhakikisha.

“Wanaokwenda ofisini wamesamehewa kulala,” alifafanua Balozi. “Wengine wote, hapana.”

Mama Nyamizi alitoka na nuru ya kwanza ili awahi. Kabla ya kutoka alilifunika tuta kwa khanga mbili na shuka moja, akazikandamiza kwa mawe. Ofisini alikuta foleni. Na karani, kwa kuwa naye alikuwa mkazi, na wa ofisini walipangiwa nusu siku tu, alikuwa amelala mpaka saa saba.

Hati yenyewe ilikuwa na mistari mitatu. *Chandarua kimoja kimepokewa. Hali yake: nzuri. Mlalaji: hayupo.*

“Baba,” alimwambia karani, “huwezi kuandika jina lake hapo?”

“Fomu haina nafasi ya jina, mama. Jina liko kwenye chandarua.”

“Nipe basi niuone utepe mara moja.”

“Kimeshapelekwa ghalani. Weka sahihi.”

Katika nchi nzima hiyo ndiyo hati pekee iliyokiri kwamba Nyamizi hakuwa duniani. Aliweka sahihi kwa mwandiko mzuri, akaomba nakala. Nakala hazitolewi.

*

Aliporudi, saa kumi ilikuwa imepita kidogo na watu walikuwa wakitoka majumbani wakijinyoosha, kwa mujibu wa sheria. Upepo wa mchana ulikuwa umezifunua khanga. Shuka lilikuwa kwenye ua. Tutani yalikuwa yamesimama mabua matupu thelathini na saba, yamekatwa ncha. Maganda yalikuwa yamepasuliwa yakiwa hayajakomaa, na chembe zake nyeupe, laini, zisizofaa kuwa mbegu, zilikuwa zimetapakaa juu ya udongo. Viwavi walikuwa wakimalizia.

Mama Sikitu alikuja mbio, nywele zimelala upande mmoja. “Niliwasikia wale ndege, mama. Nilikuwa kitandani nawasikia wakila. Nilipiga kelele dirishani, nilitukana, nikarusha kiatu. Askari alikuwa amesimama mlangoni kwangu. Kila nikiinuka ananiambia, lala.”

“Najua.”

“Nisamehe.”

“Si wewe.”

Mama Sikitu akajifunga khanga kiunoni, akashika bua la kwanza. Hakuwahi kuwa mtu wa kukaa na huzuni bila kuipa kazi. “Tung'oe haya, tulime upya. Nitakutafutia mbegu za mgagani sokoni. Mgagani ni mgagani.”

“Usiling'oe.”

“Mama Nyamizi…”

“Liache kwanza.” Aliketi chini, pembeni ya tuta, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto. Alisema taratibu, akiwa anayaambia mabua. “Siku ile alipozimwaga, nilimchapa. Kwa utepe wa kupimia, mara tatu. Nikamwambia amezimaliza mbegu za bibi yake, hazitarudi tena. Akaingia chini ya meza ya cherehani, hakutoka mpaka jioni. Wiki mbili tatu baadaye ndiyo homa ikaanza.”

Mama Sikitu aliliachia bua.

“Nilikuwa nangoja zirudi,” alisema Mama Nyamizi, “niende pale juu nimwambie nilikosea.”